Maksai Wanane wa Robert Arden

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo nyote.

Nianze na mifugo. Maksai wanane, mafahali wawili wachanga, ng'ombe majike saba na ndama wanne wa kuachishwa kunyonya. Thamani yao pauni 24. Waliowahesabu ni wanakijiji wa Wilmcote, huko Warwickshire, katikati ya Uingereza, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 9 Desemba 1556. Walihesabu pia farasi, kondoo, nguruwe, nyuki na kuku, na ngano iliyokuwa ghalani. Kisha wakaingia ndani, wakaandika meza, mabenchi, sufuria za shaba, vinara vya mishumaa, hata vitambaa vilivyochorwa picha vya kutundika ukutani. Walipomaliza wakajumlisha: pauni 77, shilingi 11 na peni 10. Pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi ilikuwa peni 12. Wakenya mliomo humu, mnaoita shilingi ishirini "pauni" hadi leo, hesabu hii ni yenu.

Mwenye mali hakuwapo. Alikuwa amekwisha zikwa. Jina lake Robert Arden, mkulima. Hakuna picha yake, hakuna barua yake hata moja, hatujui kama alikuwa mrefu au mfupi, mpole au mkali. Tunazijua sufuria zake.

Kitindamimba wake, Mary, aliolewa na mshona glavu wa mji wa jirani, Stratford, na kati ya watoto wao mmoja akaitwa William Shakespeare. Ndiye huyo ambaye Mwalimu Nyerere alikaa usiku, huku nchi ikimsubiri asubuhi, akamtia katika Kiswahili. Lakini William sikuja kumzungumzia. Ameshazungumziwa vya kutosha. Nimemchagua babu yake mzaa mama kwa sababu familia hii ya wakulima imechimbuliwa karatasi kwa karatasi kuliko familia nyingine yoyote ya mashambani Uingereza, na ukiona jinsi ilivyochimbuliwa utajua jinsi ya kuchimbua ile isiyo na mtu maarufu ndani yake. Utajua pia inavyodanganya.

Haya, wosia. Robert aliutoa tarehe 24 Novemba 1556. Orodha ya mali ni ya tarehe 9 Desemba. Basi alifariki katika siku hizo kumi na tano. Hakuna aliyetuandikia siku ya kifo. Tumeipata kwa kuziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, na kazi hii karibu yote ni ya namna hiyo.

Anaanza kwa kuikabidhi roho yake kwa Mungu, kwa Bikira Maria na kwa jamaa wote watakatifu wa mbinguni. Mwili anataka uzikwe kwenye uwanja wa kanisa la Aston Cantlow. Wapo wanaosoma mstari huo wa roho wakatoa hukumu hapo hapo: huyu alikuwa Mkatoliki wa kufa na kupona. Polepole. Mwaka 1556 malkia aliyetawala alikuwa Mkatoliki, na aliyeandika maneno hayo kwa kawaida alikuwa padri au karani aliyeitwa kitandani pa mgonjwa, akiwa na maneno yake ya siku zote. Miaka michache baadaye, malkia mwingine alipokaa kitini, Bikira Maria akaanza kutoweka katika nyosia za Uingereza. Wakulima hawakubadilika moyo wote kwa siku moja. Makarani walibadilisha kalamu.

Baada ya roho inakuja mali. Mary anapewa shamba liitwalo Asbies pamoja na mazao yaliyokuwa yamesimama shambani, na fedha pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Msishangae vipande vya hesabu hiyo. Waingereza wa siku hizo walihesabu pia kwa kipimo walichokiita marki, ambacho ni shilingi 13 na peni 4. Kwa hiyo Mary alipewa marki kumi kamili.

Sasa sikilizeni sehemu ya mke. Agnes alikuwa mke wa pili, mjane aliyekuja na watoto wake. Naye anapewa marki kumi, ila kwa sharti: amwache Alice, binti wa mumewe, akae kwa amani kwenye nusu ya ardhi waliyokuwa wakiishi pale Wilmcote. Asipomwachia, fedha zake zinapungua na kuwa pauni 3, shilingi 6 na peni 8. Yaani marki tano. Nusu kwa nusu: ukimnyima nusu ya ardhi, nami nakunyima nusu ya fedha.

Niliposoma mstari huo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana niliisikia nyumba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama wa kambo na binti walikuwa hawapatani. Lakini mtu hawekei sharti jambo asilolihofia. Mzee yuko kitandani, anajua akifumba macho Alice atatolewa nje, na silaha aliyobakiwa nayo ni marki tano.

Kuna kifungu kingine ninachokipenda zaidi. Kila nyumba ya parokia ile isiyokuwa na maksai wa kulimia ipewe peni 4. Huyu ndiye mwenye maksai wanane. Alijua nani hana.

Wale mliosoma fiqhi mtakuwa mnaguna. Kwetu Waislamu wosia hauzidi theluthi, na aliye na fungu lake haongezewi ila warithi wenzake wakiridhia. Robert hakuwa na mpaka huo, na ndiyo maana karatasi yake inasema mengi. Pale ambapo sheria inagawa yenyewe, karatasi ina machache ya kueleza. Pale ambapo mtu anaamua mwenyewe, anaacha alama za anayempenda, anayemwogopa na anayemshuku.

Lakini karatasi hiyo hiyo inaficha. Nikiwauliza Robert alikuwa na watoto wangapi, mkiwa na wosia tu mkononi mtanijibu: Alice na Mary, ndio waliotajwa kwa majina na ndio waliofanywa wasimamizi wa mirathi. Wengine wameingizwa katika neno moja tu, "watoto wangu wengine," wagawane kilichobaki. Ni wangapi? Hausemi. Inabidi urudi nyuma miaka sita, kwenye hati mbili za Julai 1550, ambapo Robert aliwawekea mabinti zake ardhi aliyokuwa nayo kijiji cha pili, Snitterfield. Hati ya kwanza ina Agnes, Joan na Katherine. Ya pili ina Margaret, Joyce na Alice. Mary hayumo! Ungekuwa na hati hizo peke yake, mama yake Shakespeare angekuwa hajazaliwa. Na bado kuna Elizabeth, ambaye hayumo humu wala mule, anapatikana kwenye karatasi nyingine za ardhi za baadaye. Mabinti wanane, hakuna mtoto wa kiume, wala hakuna karatasi moja yenye wote wanane.

Kwa hiyo ukimkosa mtoto kwenye wosia wa Mwingereza, usikimbilie kusema amekataliwa. Huenda alishapewa chake alipoolewa, au ardhi yake ilikwishaandikwa kwingine, au sheria ilimpa bila kuhitaji wosia. Mwana mkubwa wa kiume, hasa, mara nyingi anapita kimya kwa sababu shamba lilikuwa lake tangu hapo.

Na majina ya udugu nayo ni mtego, ingawa kwetu mtego huu usitushinde. Neno ambalo Waingereza wa leo wanalitumia kwa mtoto wa ami au wa mjomba, wakati ule lilimaanisha ndugu yeyote wa mbali, kama sisi tusemavyo "ndugu" mpaka kwa mtu tuliyepanda naye basi moja. Shakespeare mwenyewe, katika wosia wake wa mwaka 1616, anamwita mjukuu wake Elizabeth kwa neno ambalo leo Mwingereza analitumia kwa binti wa ndugu yake. Mtu asiyejua angemchorea mti wa ukoo wenye tawi lisilokuwapo. Nyumba ya Arden nayo ilikuwa imesukwa kama mkeka: Margaret, mmoja wa wale mabinti, aliolewa na kaka yake mama wa kambo. Mwenye kuchora na achore.

Mtaniuliza karatasi hizi ziko wapi. Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 wosia wa Kiingereza haukwenda serikalini, ulikwenda kanisani. Mahakama za askofu ndizo zilizouthibitisha. Wilmcote iko Warwickshire, lakini kikanisa ilikuwa chini ya dayosisi ya Worcester; anayekwenda Warwick kumtafuta Robert anarudi mikono mitupu, kwa sababu mipaka ya askofu haikufuata mipaka ya mkoa. Wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja walipelekwa juu, kwa upande wa kusini ni mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ambayo nyosia zake kuanzia mwaka 1384 sasa zimehifadhiwa Kew, London. Na zipo zisizokuwapo kabisa. Mwaka 1942 ndege za Ujerumani ziliipiga Exeter, ofisi ya mirathi ikaungua na nyosia za wakulima wa Devon na Somerset wa karne kwa karne. Ukiwa na familia ya huko, pole.

Wengi hawakuacha wosia wowote. Maskini hakuwa na cha kuusia. Mke, kabla ya sheria ya mwaka 1882, alihitaji ridhaa ya mumewe ili auandike, ndiyo maana wanawake wengi tunaowakuta wakiusia ni wajane au wasioolewa. Na mtu akifa bila wosia, mahakama ilimteua msimamizi wa mirathi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa babu wa upande wa pili. Ardhi ya Robert kule Snitterfield ilikuwa na mpangaji, mkulima aitwaye Richard Shakespeare. Huyu hakuusia. Msimamizi wake akawa mwanawe John, yule mshona glavu, na mali ilithaminiwa pauni 38 na shilingi 17, karibu nusu ya ile ya Robert. Hati ya usimamizi ni ya tarehe 10 Februari, na hapa angalieni sana, maana nimeona watu wazima wakiaibika. Karatasi inasema mwaka 1560. Kwetu sisi ni 1561. Hadi mwaka 1752 Waingereza waliubadilisha mwaka wao tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zote zilihesabiwa mwaka wa nyuma. Usipolijua hili utamkuta mtu amezikwa Februari na bado anakodisha shamba Oktoba ya mwaka huo huo.

Halafu hati hiyo inamwita John mkulima, kwa Kilatini, na tunajua wakati huo alikuwa akiishi mjini. Tunajuaje? Kwa jalala. Aprili 1552 alitozwa faini ya shilingi moja pale Stratford kwa kurundika taka mtaani Henley pasipoidhinishwa. Huo ndio mguu wake wa kwanza tunaouona mjini. Watukufu wana minara yao. Wakulima na mafundi tunawapata kwa faini.

Baba yake John, yule Richard, tunampata vivyo hivyo, kwenye vitabu vya mahakama ya mwenye ardhi: hakuhudhuria baraza, alilisha mifugo mingi mno kwenye malisho ya wote. Jina lake mara moja limeandikwa Shakstaff. Jina la Shakespeare kwa Kiswahili ni kama Tikisa-Mkuki. Karani akamwandika Tikisa-Fimbo, na mtu ni yule yule. Karani aliandika alivyosikia. Wale ndugu zangu wa pwani wenye ule mzaha wa zamani kwamba alikuwa Mwarabu, Sheikh Zubeir, karatasi zimewaangusha, lakini msiuache, ni mzaha mzuri.

Na kwa Richard njia inakatika. Madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yaliamriwa mwaka 1538, naye alikuwa mtu mzima tayari. Baba yake nani? Zipo nasaba zilizochorwa, baadhi zinampeleka kwa mashujaa wa vita. Mimi naishia kwenye malisho ya Snitterfield.

Ndoa ya John na Mary nayo haimo katika daftari lolote lililosalia. Ila Novemba 1556 baba anausia na Mary bado ni mwali nyumbani, na Septemba 1558 mtoto wao wa kwanza anabatizwa Stratford. Harusi iko katikati hapo.

Lile shamba la Asbies mnataka kujua lilikwenda wapi. Naona mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, ameshajua. Mwaka 1578 John mambo yalimwendea kombo, wakaliweka rehani kwa pauni 40. Kwa nani? Kwa Edmund Lambert, mume wa Joan, dada yake Mary. Mwanyumba wake. Deni lilipwe tarehe 29 Septemba 1580. Siku ilipofika, kwa maelezo ya John na Mary, fedha walizipeleka na Lambert akazikataa, akisema kuna madeni mengine kwanza. Lambert akafa mwaka 1587, shamba likabaki kwa mwanawe. Wakaenda mahakama ya malkia, na miaka ya tisini wakaenda tena mahakama nyingine. Asbies haikurudi.

Kesi ile imetupa zawadi wasiyoikusudia. Katika malalamiko yao ya kwanza mahakamani wamemtaja mtoto wao William, wakati akiwa na miaka kama ishirini na minne, kipindi ambacho hakuna karatasi nyingine inayotuambia yuko wapi. Wanaoandika habari zake huiita miaka iliyopotea, na katikati yake jina lake linaonekana mara moja, kwa sababu ya ugomvi wa shamba la bibi harusi.

Na mama mwenye shamba? Mwaka 1579 walipouza fungu lao la Snitterfield, Mary hakuandika jina. Aliweka alama.

Niruke hadi mwisho wa uzao huu. Katika wosia wa William, kila mtu anakitaja kitanda cha pili kwa ubora alichomwachia mkewe, tukiache. Mimi nakitazama kifungu cha dada yake, Joan Hart. Anamwachia pauni 20, nguo zake, na nyumba aishi maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Watoto wa kiume watatu wa Joan anawapa pauni 5 kila mmoja: William, kisha nafasi tupu, kisha Michael. Nafasi tupu! Mjomba alilisahau jina la mpwa wake, karani akaacha pengo lijazwe baadaye, na halikujazwa. Jina lilikuwa Thomas. Mjukuu wa mwisho wa William akafa mwaka 1670 bila mtoto, na damu iliyoendelea kutoka kwa John na Mary ni ya hao kina Hart.

Sasa niwapeleke Wilmcote yenyewe, nimalizie huko. Mtu anaweza kushuka treni pale, njia ya Birmingham kwenda Stratford. Mwishoni mwa karne ya 18 alikuwapo Stratford mtembeza wageni aitwaye John Jordan, na wageni walimuuliza: nyumba ya mama yake Shakespeare ni ipi? Akawaonyesha nyumba nzuri ya mbao nyeusi na chokaa. Ikawa hiyo. Watu walikuja kuiona vizazi na vizazi, ikachorwa, ikapigwa picha, na mwaka 1930 taasisi inayotunza nyumba za Shakespeare ikainunua. Mwaka 1968 taasisi hiyo ikanunua pia nyumba ya shamba la jirani, Glebe Farm, isiyo na sura ya kumsimamisha mgeni, ili mandhari yasiharibiwe na ujenzi.

Mwaka 2000 mtafiti wa nyumba za kale, Nat Alcock, alizipanga karatasi za ardhi za Wilmcote, nani alikaa wapi, akapata kwamba Arden hawakukaa kwenye ile nyumba nzuri. Walikaa ile ya pili, iliyonunuliwa kwa ajili ya mandhari. Pete za miti ya boriti zake zilipopimwa, zikaonyesha mbao zilikatwa mwaka 1514.

Na ile nyumba nzuri ilikuwa ya nani? Rudini kwenye wosia. Robert alipowaachia watoto wake wengine wagawane kilichobaki, alitaja watu watatu wasimamie mgawo huo kwa haki. Wa kwanza wao ni Adam Palmer, jirani yake. Ndiye huyo huyo aliyekabidhiwa zile hati za mwaka 1550 kwa niaba ya mabinti. Nyumba ni yake. Miaka mia mbili wageni wamevua kofia mlangoni pa msimamizi wa mgawo, na jina lake lilikuwamo katika karatasi ya Worcester muda wote huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye swali aanze, na aliyekuja na hati ya babu yake mfukoni, nimemwona, asione haya kuitoa.